Mjane wa Kitabuni

Wali ulikuwa umeiva vizuri siku ile, wali wa Mwamkulu, punje hazikushikana, na samaki walikuwa wamefika asubuhi hiyo hiyo kutoka Karema. Hata hivyo mabenchi ya Mama Melkior pale stesheni ya Mpanda yalikuwa matupu. Treni ya Tabora ilikuwa imekwishaingia, abiria walipita na magunia yao, na wapakiaji wa tumbaku, watu waliokula kwake tangu wakiwa vijana, walisimama ng'ambo ya reli wakitafuna mahindi ya kuchoma.

Mmoja wao, Salvatori wa Katumba, akavuka reli. Hakukaa. Alimwinamia Odeta, mke wa Melkior, akamuuliza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

"Dada, hiki chakula kapika nani? Wewe au mama mkwe?"

"Kwani kuna siku ulishawahi kuuliza?"

"Nauliza tu."

"Kapika mama, kama siku zote."

"Basi nipe chai. Ya rangi. Na uimimine wewe."

Mama Melkior, ambaye jina lake la ubatizo ni Eufrazia, alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko. Alifunua chungu, akautazama wali, akafunika.

"Salvatori, mkeo alipolazwa na mapacha, ni nani aliyekulisha?"

"Ni wewe mama. Mimi sina neno na wewe. Lakini redio imesema."

Redio ilikuwa imesema kweli. Jumapili jioni walimhoji mwandishi mashuhuri, Mwalimu Rafaeli, ambaye riwaya yake *Chungu cha Mjane* ilikuwa inatimiza miaka ishirini tangu itoke. Kitabu hicho kinasomwa katika shule za sekondari nchi nzima. Kinamhusu mjane anayeitwa Bi Kasinde, aliyemuua mumewe kwa samaki wenye sumu. Mtangazaji alimuuliza kama Bi Kasinde alimtoa kichwani tu. Mwandishi akacheka. Akasema hapana, yule ni mwanamke wa kweli kabisa, yuko Mpanda mpaka leo, na nasikia anauza chakula pale stesheni.

Maneno hayo hayakumgharimu chochote. Alikunywa maji, akaulizwa swali jingine.

*

Nyumbani kwao Shanwe, Odeta aliumwaga wali ule kwenye beseni la nguruwe wa jirani. Hakuna aliyemzuia. Chungu kile ndicho kilicholisha nyumba, maana ufundi baiskeli wa Melkior ulileta chumvi na sabuni tu. Tena chungu kile ndicho kilichomlipia Faith, binti yao wa kidato cha tatu, ada ya shule.

"Kilete," bibi alimwambia Faith.

"Nini, bibi?"

"Kitabu. Usinifanye mjinga. Unakificha ndani ya kanga kama mtu aliyeiba."

Faith akakileta. Kilikuwa kitabu cha shule, kurasa zimelegea, na juu ya jalada mwanafunzi fulani alikuwa amechora mwanamke mwenye mwanya akikoroga chungu. Mama Melkior aliutazama mchoro ule kwa muda. Kusoma alijua, alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima na cheti chake kilitundikwa ukutani karibu na msalaba. Lakini hakutaka maneno yale yapite kwenye mdomo wake.

"Soma wewe. Anzia anapotutaja."

Faith akasoma. Bi Kasinde ana mwanya. Bi Kasinde ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Odeta alijikuta akiutazama mkono wa mama mkwe wake, kisha akaona aibu, akatazama chini. Mume wa Bi Kasinde ni mlevi anayelala mitaroni. Marehemu Erasmus, mume wa Eufrazia, alikuwa mwimbaji wa kwaya ambaye hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha. Halafu kuna mtoto wao, zezeta mwenye kigugumizi, anayeramba sahani za wageni.

"Hu-hu-huyo ni mimi," Melkior alisema.

Kigugumizi chake hakikuwa kikubwa. Kilimjia akikasirika, na hapo alikuwa amekasirika.

"Mi-mimi niliramba sahani ya nani, mama? Yeye ndiye aliyekuwa anakula kwetu! Mwaka mzima! Asubuhi yuko mlangoni, jioni yuko mlangoni, eti mwalimu mgeni, hana mke, hajui kupika!"

"Mwache mtoto asome," Mama Melkior alisema.

Faith akafika msibani. Katika kitabu, kikongwe mmoja anasimama kando ya kaburi, anamnyooshea mjane kidole mbele ya watu, anasema: "We mjane, samaki gani huyo uliyempikia? Tupikie na sisi, tulale kama yeye!" Waombolezaji wote wananyamaza. Bi Kasinde anaanguka kifudifudi na kukiri kila kitu.

"Hakuna aliyenyamaza," Mama Melkior alisema. "Walicheka."

Odeta hakuelewa. Aliolewa baadaye, akitokea Katumba, na mkwewe Erasmus hakumkuta. "Walicheka msibani, mama?"

"Aliyesema ni Nyanzala. Msukuma. Mtani wetu. Unafikiri mtani anakuja msibani kufanya nini, kulia? Alivaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu. Akalala pale kwenye udongo, akasema hainuki mpaka apewe kuku. Akanitukana kwa maneno hayo ya samaki. Nami nilikuwa sijala wala sijasema neno tangu mume wangu akate roho. Nikacheka, Odeta. Nilipocheka ndipo nikaweza kulia. Nikasema mpeni kuku huyu mla michembe ya viazi atoke kaburini."

"Kumbe. Sasa huyo mwandishi hakujua kuwa ni utani?"

Mama Melkior akaguna.

"Hakujua? Alikuwa amekaa karibu na kinu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Na huyo kuku, nani aliyemkimbiza uwanja mzima mpaka akamkamata? Ni yeye."

Kama asingejua, wangemsamehe. Mgeni hukosea. Lakini mtu aliyeona, aliyecheka, aliyeshika kuku kwa mikono yake, kisha akaenda mjini kuandika kwamba ilikuwa kweli, huyo hakukosea. Huyo alichagua.

*

Kesho yake jioni mkuu wa shule ya Faith alifika Shanwe, amevaa tai, na amebeba kilo mbili za sukari.

"Mama, hongera! Wilaya nzima sasa inajulikana kwa ajili yako. Jumamosi tuna mahafali, na mgeni rasmi ni Mwalimu Rafaeli mwenyewe. Amekubali kuja! Tumekuwekea kiti cha mbele kabisa."

"Cha nini?"

"Watu wakuone. Wanafunzi wamesoma habari zako, sasa wakuone kwa macho. Ni heshima kubwa."

"Waone mtu aliyemuua mumewe."

Mkuu akacheka kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Mama, ile ni fasihi. Msomaji mzuri hachanganyi."

"Watu wa stesheni wamechanganya. Chakula changu wanakula nguruwe."

"Hao ni watu wasio na elimu, mama. Watazoea."

Melkior alikuwa anaziba pancha uani. Alisimama na tairi mkononi. "Mwa-mwa-mwalimu, mama yangu si ma-maonyesho ya Sabasaba!"

Mkuu alimgeukia, na uso wake ukachangamka kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyeokota kitu.

"Eh! Ndo wewe! Kigugumizi kile kile! Kama kitabuni kabisa!"

Hakuona alichokifanya. Aliiweka sukari juu ya meza, akasema programu inaanza saa nne, akaaga. Melkior alibaki amesimama na lile tairi. Mwanamume mzima, fundi, baba wa mtoto wa sekondari, alikuwa amesomwa kama ukurasa mbele ya mkewe.

Giza lilipoanza kuingia Nyanzala naye alifika. Tangu Jumapili ile alikuwa hajakanyaga nyumba ile. Zamani angeingia akipiga kelele kwamba Wapimbwe hawa wamemficha panya wake wa kitoweo. Safari hii alibisha hodi kama mgeni, akakaa ukingoni mwa mkeka, kikongwe mnene anayetembelea fimbo.

"Mtani, ulimi wangu ndio umekuua."

"Ulimi wako ulinifufua. Aliyeniua ni kalamu. Usichanganye."

"Sasa utakwenda huko shuleni?"

"Nitakwenda. Alikula kwangu, Nyanzala. Alishika machela ya mume wangu mpaka hospitali. Nikimuuliza mbele za watu, atasema ukweli. Hawezi kukataa."

"Na akikataa?"

"Basi tutajua tulikuwa tunamlisha nani."

*

Jumamosi viti vilijaa chini ya maturubai. Mwalimu Rafaeli alikuwa amenenepa na kuota mvi, lakini Mama Melkior alimjua kwa kicheko. Mwalimu alipomwona, alimkumbatia, akashika mikono yake yote miwili.

"Shikamoo mama! Jamani, mama yangu huyu! Huyu alinilisha!"

Wapiga picha wakaja. Ilikuwa wazi kwamba amefurahi kumwona, na hilo ndilo lililowauma kina Melkior zaidi. Mtu huyu hakuwa na chuki naye hata kidogo.

Alihutubia kwa muda mrefu kuhusu wajibu wa mwandishi kwa jamii yake. Wakapiga makofi. Mkuu wa shule akatangaza maswali, na kabla mwanafunzi yeyote hajainua mkono, Mama Melkior alikuwa amesimama. Mkuu alitaka kumwonyesha ishara ya kukaa, lakini mgeni rasmi akasema, "Mwache mama, mwache," akampelekea kipaza sauti mwenyewe, akitabasamu.

"Mwalimu, mume wangu alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Mama, haya ya riwaya ni..."

"Sijauliza riwaya. Nimeuliza Erasmus. Wewe ulishika machela upande wa kichwa. Daktari alisema nini?"

Mwalimu Rafaeli akawatazama watu. "Alisema utumbo ulijisokota."

"Sema kwa nguvu, wa nyuma hawakusikia."

"Utumbo ulijisokota."

"Na yule aliyenitukana msibani alikuwa nani wangu?"

"Mtani wako." Tabasamu lilikuwa bado lipo. "Nyanzala. Namkumbuka sana."

"Nipo hapa!" Nyanzala akapaza sauti kutoka nyuma. "Sijafa! Bado nasubiri kuku wa pili!"

Watu wakacheka. Mwalimu Rafaeli naye akacheka, na kwa kitambo kidogo alikuwa yule kijana aliyekaa karibu na kinu.

"Na wewe siku ile ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namkimbiza kuku, mama."

Wakacheka tena. Mama Melkior hakucheka.

"Basi unajua kila kitu. Sasa niambie, kwa nini umesema redioni kwamba Bi Kasinde ni mimi? Watu wamekataa chakula changu. Huyu mjukuu wangu anasoma kwa chungu hicho hicho, shuleni hapa hapa wanapomfundisha kwamba bibi yake ni muuaji. Kwa nini?"

Mwandishi alivua miwani. Jua lilikuwa kali, alikuwa amesafiri mbali, na hakuzoea kuulizwa namna ile.

"Mama, nielewe. Msomaji wa mjini hajui utani wa msibani. Ningeandika kwamba watu wanacheka kaburini, mjane anacheka, angesema hawa ni wendawazimu. Ilibidi niandike kitu atakachokielewa."

"Na sisi wa huku tutakaosoma?"

Mwandishi alikuwa ameshakichukua tena kipaza sauti, na kilikuwa karibu na mdomo wake. Labda alidhani anasema polepole.

"Kwa kweli, mama, sikuwaandikia nyie."

Sauti ikatoka kwenye spika zote mbili, ikafika mpaka kwa wapishi waliokuwa nyuma ya madarasa. Wazazi waliouza mahindi ili watoto wao wakisome kitabu kile wakatazamana. Mwalimu wa Kiswahili, Bernadetha, aliyekuwa amekishika kitabu mapajani tayari kusainiwa, alikigeuza jalada likatazama chini.

Mkuu wa shule alipiga makofi ya kufunga kipindi. Alipiga peke yake. Kisha akasema muda umebana na kwamba chakula kipo tayari kwa meza kuu.

Hakuna aliyemwomba Mama Melkior radhi. Alitoka na Odeta na Nyanzala kwa miguu, na Melkior akiikokota baiskeli nyuma yao.

*

Jumatatu Mwalimu Bernadetha aliandika swali la jaribio ubaoni, kwa sababu lilikuwa kwenye muhtasari na yeye hakuwa na ruhusa ya kulifuta: *Thibitisha kwa hoja kwamba Bi Kasinde ni mwanamke katili.* Faith akaandika kwamba hawezi kuthibitisha. Akapata sifuri. Bernadetha aliiandika sifuri ile kwa penseli, kama mtu anayetaka ifutike, lakini ilikuwa sifuri.

Siku hiyo hiyo ilikuwa siku ya treni. Mama Melkior alipika kama kawaida. Wapakiaji wa tumbaku walikuwa wamesikia ya Jumamosi, maana Mpanda haina siri. Walimsalimia kwa heshima kubwa.

"Shikamoo mama. Tumesikia. Umemweza!"

"Marahaba. Mtakula?"

"Tutakuja, mama. Tutakuja." Wakabaki ng'ambo ya reli. Akili zao zilikuwa zimekubali. Matumbo yao bado.

Mwalimu Rafaeli naye alikuwa anaondoka na treni hiyo. Alifika na begi lake, peke yake, bila mkuu wa shule wala wapiga picha. Alipomwona Mama Melkior alisita, kisha akaja moja kwa moja, akakaa kwenye benchi tupu.

"Mama, nimekosa adabu juzi. Nilikuwa nimechoka. Nipakulie wali na samaki, nile kama zamani."

"Zamani ulikula bure."

"Leo nitalipa."

"Utalipa."

Akalipa. Odeta akamnawisha mikono. Mama Melkior akapakua yeye mwenyewe, wali wa kutosha, samaki mzima, mchuzi juu, akaweka sahani mbele yake, akarudi kwenye kigoda.

Wapakiaji waligeuka wakatazama. Salvatori alisogea mpaka kwenye reli ya karibu. Nyanzala, aliyekuwa ameketi kwenye gunia na fimbo yake, alikunja mikono.

Mwandishi akamega tonge la wali, akalirudisha sahanini. Akamgeuza samaki. Akampasua kwa kidole, akamwangalia ndani, akamwinamia kidogo kama anayesikiliza. Jasho likamtoka mdomo wa juu. Alimtazama mwanamke yule mwenye mwanya na kovu mkononi, ambaye sasa alikuwa na sababu. Naye Mama Melkior alimtazama, na hakumsaidia.

"Treni isije ikaniacha," mwandishi akasema.

"Bado hawajafunga hata mabehewa," Odeta akamjibu. "Kula, mwalimu."

"Nina kidonda cha tumbo. Daktari amenikataza mafuta. Nilisahau."

Akanyanyuka, akanawa mikono ambayo haikuwa imegusa mdomo, akachukua begi lake. Alitembea haraka kuelekea behewa la mbele bila kugeuka.

"Mama yangu!" Salvatori akasema. "Anaiogopa hadithi yake mwenyewe!"

Nyanzala akajikongoja mpaka benchini, akakaa kwa kishindo, akaivuta ile sahani. Hakuomba ruhusa. Alikula kwa mkono mzima, akafyonza mifupa, akakomba mchuzi. Kila mmoja alimtazama mpaka alipomaliza.

"We Mpimbwe, chumvi imepungua," alisema. Kisha akawageukia wapakiaji. "Na nyie watani zangu mliosimama hapo kama miti, nikifa leo mje mnitukane vizuri. Msiniangushe. Na kuku awe jogoo!"

Kicheko kilianza kwa mtu mmoja, kikawafikia wote, wakavuka reli wakisukumana. Benchi la kwanza likajaa, la pili likajaa. Odeta akaanza kupakua kwa mikono miwili.

Salvatori alipata nafasi pembeni. "Mama, na mimi. Wali, samaki, na mchuzi mwingi."

Mama Melkior alikuwa hajacheka bado. Alimtazama kwanza, mwiko mkononi.

"Hata kunawa hujanawa."

"Nitanawa, mama."

"Kanawe. Halafu usubiri. Wewe utakula wa mwisho."

"Na kikiisha?"

"Kikiisha kuna chai ya rangi. Odeta atakumiminia."

Salvatori akaenda kunawa. Alirudi akasimama nyuma ya wenzake, akasubiri, akichungulia chungu.